Fizi ikitoa damu, ndipo inataka mswaki

Niambie ukweli, hapa tuko sisi tu. Asubuhi ukitema kwenye sinki na povu liko na rangi ya pinki, huwa unafanya nini?

Nimeuliza watu wengi hili swali, kwa inboksi, kwa kinyozi, hata kwa foleni ya matatu, na majibu huwa matatu tu. Kuna mwenye anasema hiyo ni kawaida yake, fizi zake zimetoa damu tangu darasa la sita na hajakufa. Kuna mwenye analaumu mswaki, ati ni mgumu, atanunua mwingine mwisho wa mwezi. Halafu kuna wa tatu, na huyu ndiye amenifanya nikae chini niandike. Huyu ameacha kabisa kugusa pale panapotoa damu. Mbele anapiga, kulia anapiga, lakini kule nyuma kushoto mswaki unapita juu juu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Anajiambia anaionea fizi huruma. Anaipa muda ipone.

Huyo wa tatu ndiye ananipa wasiwasi zaidi, kwa sababu anaonekana anatumia akili. Ukijikata kidole, si unakiacha kipone? Ukichubuka goti, si hulisugui? Lakini fizi haitoi damu kwa sababu mswaki umeikata. Inatoa damu kwa sababu imevimba, na imevimba kwa sababu kuna uchafu umekaa pale mlangoni mwake. Na kitu cha kuutoa huo uchafu ni mswaki, ule ule ambao umeukataza usifike. Kila siku unayoiruka hiyo kona, unaiongezea shida.

Ukipitisha kucha kwenye jino kabla hujapiga mswaki, ule utando laini unaobaki kwenye kucha ndio ukoga. Watu hufikiri ni chakula cha jana. Ni bakteria, wamejenga mtaa na wamezoea kukaa hapo. Saa chache baada ya kupiga mswaki wanaanza kurudi, na hilo si tatizo, kila mdomo duniani unao. Tatizo ni ukiwaacha wakae. Siku mbili tatu zikipita, madini yaliyo kwenye mate yanaanza kuugandisha ule ukoga, unakuwa mgumu kama ule ukoko mweupe ulio chini ya birika la stima, mahali ambapo maji ni ya kisima. Ukifika hapo hakuna mswaki utautoa, hata uwe umenunua wa elfu mbili. Utakwanguliwa na mtu wa meno na vyombo vyake.

Na ukoga hauna haja sana na pale katikati ya jino, mahali unapasugua kwa nguvu zote ukijiangalia kwa kioo. Unapenda mpakani, pale jino linapoingia kwenye fizi. Mwili ukiona hao wageni unatuma damu na askari wake. Fizi inakuwa nyekundu, inavimba, ikiguswa kidogo inamwaga. Hatua hiyo ya kwanza inarudishika kabisa. Ukisafisha, inapona, kama vile haikuwahi kuugua.

Hatua ya pili ndiyo shida. Fizi inaanza kuachana na jino, panabaki kamfuko kati yao, ukoga unateremka humo mahali mswaki haufiki, na mfupa unaoshika jino unaanza kupungua. Pole pole, na mara nyingi bila kuuma hata kidogo. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wao angalau ukuta wao ulijengeka. Mfupa wa taya ukishaenda kwa njia hii haurudi wenyewe. Daktari anaweza kusimamisha uharibifu, na wakati mwingine, kwa pesa mingi, kurudisha sehemu kidogo. Kuwa vile ulivyokuwa, sahau.

Hilo ndilo linanikera kuhusu vile tulifunzwa meno. Tangu nasari ni mashimo, mashimo, mashimo. Usile peremende, jino litatoboka. Ni kweli, na sipingi. Lakini hakuna aliyetuambia jino zima, jeupe, lisilo na tundu hata moja, linaweza kung'oka lenyewe kwa sababu nyumba yake imebomoka.

Kuna fundi wa simu mtaani kwetu, hajafika miaka 40. Meno yake yalikuwa yale ya kutangaza dawa ya meno. Sukari hata hapendi, chai anakunywa kavu. Siku moja aliuma mahindi choma na jino la mbele likacheza kama meno ya utotoni. Akaenda kliniki fulani, likang'olewa. Miezi kadhaa baadaye la pili. Akarudi, likang'olewa. La tatu pia. Safari tatu, meno matatu, na anasema hakuna aliyefungua mdomo kumwambia neno fizi. Alikuwa na damu kwenye mswaki tangu akiwa kijana, akidhani ni damu nyingi tu mwilini. Sasa akicheka anafunika mdomo na mkono ule ule ulioshika bisibisi. Kila nikipeleka simu namwangalia nikifikiria, huyu jamaa hakukosa kitu kikubwa. Alikosa sentensi moja, miaka 15 iliyopita.

Rudi kwa yule wa kwanza, wa "kawaida yangu". Ana haki kwa njia moja. Ni kawaida kwa maana ya kwamba ni ya kila mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa karibu kila mtu mzima aliyekaguliwa. Lakini hata jam ya Thika Road ni kawaida, na hakuna mtu huamka akisema iko sawa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni moja wana ugonjwa wa fizi uliofika pabaya, ile hatua ya kamfuko na mfupa. Hao wote walianzia kwa povu la pinki. Hakuna aliyeruka hapo.

Sasa kwa nini nina uhakika hivi kwamba dawa ya damu ni kuendelea kusafisha? Kuna jaribio moja napenda sana, kwa sababu linakaa kama kitu mngefanya na marafiki zenu kwa kuwekeana dau. Mwaka wa 1965, pale Aarhus, Denmark, mtafiti aliyeitwa Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi safi, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha kinywa. Hakuna mswaki, hakuna kijiti. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Wote 12. Na hawa ni watu wa meno, manze. Kisha wakarudi kupiga mswaki, na baada ya wiki moja hivi fizi zikawa safi tena.

Soma hiyo tena ukifikiria ile kona yako ya kushoto. Wiki tatu za kuiruka zinatosha kukuletea damu. Wiki moja au mbili za kuisafisha vizuri zinatosha kuikausha, kama bado uko kwa hatua ya kwanza. Siku za mwanzo utaona damu, pengine hata zaidi ya ulivyozoea. Endelea. Mswaki laini, mkono mwepesi, lakini endelea. Ikipita wiki mbili na bado inamwaga, sasa hiyo imezidi mswaki. Kuna ukoga mgumu umejificha chini, au kuna jambo lingine mwilini, na unahitaji kuonwa.

Nikisema hivi kuna kamenti moja haikosi, na huwa inapata laiki nyingi kuniliko: ati shosho yangu hajawahi kushika mswaki na meno yake yote yako.

Poa. Löe huyo huyo alishalijibu. Kuanzia 1970, yeye na wenzake walifuatilia wanaume 480 wafanyakazi wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala daktari wa meno wa kuwaona. Waliwafuata miaka 15. Ukoga walikuwa nao wote, na fizi zilizovimba wote. Lakini asilimia 11 hawakuenda zaidi ya hapo. Asilimia 81 waliharibika kwa mwendo wa wastani. Na asilimia 8 walibomoka haraka sana, wakapoteza meno mengi kabla hata ya kufika miaka 40.

Shosho yako yuko kwa hiyo 11, hongera zake. Wewe hujui uko wapi. Ukiwa na miaka 19 hakuna anayeonekana tofauti, yule wa 11 na yule wa 8 wote wanatema povu la pinki na kuenda zao. Sitacheza kamari na mfupa wa taya kwa sababu ya shosho ya mtu.

Na hebu muulize vizuri. Wazee wengi wakisema hawajashika mswaki wanamaanisha hawajashika wa plastiki. Neno mswaki lenyewe lilikuwa kijiti kabla halijawa plastiki, na bado Pwani na kaskazini mashariki unakipata sokoni au nje ya msikiti kwa pesa kidogo sana. Kijiti hicho kikitafunwa ncha ikawa brashi, kikapelekwa jino kwa jino, mbele na nyuma, kinafanya kazi. Hicho wengine wenu mnaweka pembeni ya mdomo kama mapambo mkipiga stori, hicho kinasafisha hewa.

Sasa tuje kwa jambo ambalo najua litanichongea na baadhi ya wenzangu wa kutengeneza video. Nusu ya klipu za meno mnazotazama ni za weupe. Limau na magadi ya kupikia. Unga wa makaa. Vinia zilizobandikwa mpaka mtu akitabasamu unaona ni kama taa ya friji. Limau ni asidi, inakula lile tabaka gumu la nje la jino, na tabaka hilo halioti tena. Makaa yanakwaruza. Na hata kama yangefanya kazi, weupe ni rangi. Unaweza kuwa na meno meupe kama karatasi na fizi zinazooza chini yake. Fundi wetu wa simu alikuwa mweupe hadi siku ya mahindi.

Na kinyume chake pia ni kweli. Mko wangapi hapa mmetoka Nakuru, Naivasha, Gilgil, mkachekwa shuleni kwa sababu ya meno ya kahawia? Hiyo rangi ni ya floraidi nyingi kwenye maji ya Bonde la Ufa, iliingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya utotoni. Haimaanishi hupigi mswaki. Haimaanishi fizi zako ni mbaya. Nimejua watu wa meno ya kahawia ambao fizi zao ni za kupigwa picha, na wamekaa miaka wakificha kicheko kwa ajili ya msee mwenye meno meupe anayetema damu kila asubuhi. Wengine wenu hata mnaogopa dawa ya meno yenye floraidi mkidhani itawaongezea. Haitawaongezea. Meno yako ya ukubwani yalishaundwa, hiyo floraidi ya dawa inalinda tu sehemu ya nje. Kutema nayo uteme, usimeze.

Kitu kingine ni mwanya. Sisi tunapenda mwanya, na mtu akizaliwa nao, mwache aringe. Lakini kama wewe hukuwa na mwanya, na ukiangalia picha za kidato cha nne hauko, halafu sasa una miaka 28 na meno ya mbele yameanza kuachana, hiyo usiposti ukisema umebarikiwa. Jino linahama likikosa mfupa wa kulishika. Angalia pia kama meno yanaonekana marefu kuliko zamani. Meno ya mtu mzima hayakui. Ni fizi imeshuka.

Kuhusu sigara nitasema jambo moja ambalo halisemwi. Mvutaji anaweza kuwa na fizi zilizoharibika na asione damu. Nikotini inabana mishipa, kwa hiyo ile taa nyekundu ya kwenye dashibodi inazimwa, na gari linaendelea kuchomeka. Mtu anavuta, anatema povu jeupe safi, anasema si unaona mimi niko sawa. Kisha akiacha kuvuta, damu inaanza, na anaamua sigara ndiyo ilikuwa inamlinda. Haki ya nani. Vile vifuko vya nikotini mnavyoficha chini ya mdomo navyo vinawasha fizi pale pale vinapokaa, kila siku mahali pamoja.

Miraa na muguka sitaingia sana, hiyo vita iachiwe magavana na mahakama. Ninachoona mimi ni vile usiku wa jaba unavyoenda: soda ya kuondoa uchungu, PK mdomoni, sigara, kinywa kikavu, kisha saa kumi na moja asubuhi mtu anaanguka kitandani na viatu. Huo mdomo umekaa bila mswaki karibu siku nzima, na kesho kutwa ni hivyo tena.

Wenye sukari pia mjue hii ni yenu kwa njia mbili. Kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu fizi haraka, na fizi zilizovimba zinafanya sukari yenyewe iwe ngumu kudhibiti. Kama mathe ana kisukari na anatoa damu kwenye fizi, mwambie amtajie daktari wake, asidhani ni mambo ya meno tu. Na mwenye mimba akiona fizi zimeanza kuvimba, homoni zinachangia, ndiyo, lakini ukoga ndio unapewa nafasi. Asiache mswaki, na akionwe kliniki ya wajawazito aseme.

Haya, mswaki wenyewe. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi wanaopiga mara mbili kwa siku bado wana damu, na wanaona wamedanganywa.

Wengi wetu tunapiga mswaki kama tunaosha sufuria ya ugali. Nguvu, kwenda na kurudi, katikati ya jino, sekunde 30, tumemaliza. Na tunanunua mswaki mgumu tukidhani ugumu ni usafi. Nunua laini. Kwa supamaketi nyingi bado unaupata chini ya shilingi mia. Sasa uinamishe, nusu ya nywele zake ziguse jino na nusu ziguse fizi, pale mpakani. Usisukume. Tikisa kidogo kidogo, kama unayetoa vumbi kwenye kioo cha simu, meno mawili au matatu, kisha usogee. Nje yote, halafu ndani yote. Ndani ndipo kila mtu anaibia, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na ulimi. Pitisha ulimi hapo sai. Kama unasikia ukuta mmoja mkwaruzo badala ya meno yaliyoachana, huo ni ukoga mgumu, na umekaa hapo muda.

Dakika mbili ni ndefu kuliko unavyofikiria. Ni zaidi ya nusu ya wimbo. Weka wimbo. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi, acha dawa ibaki. Hiyo ya kutosukutua mtu wa kwanza kuniambia nilimwona ni mchafu, lakini ndivyo floraidi inavyopata muda wa kufanya kazi. Na Colgate, maana kwetu kila dawa ya meno ni Colgate hata ikiwa ya kampuni gani, haihitaji kujaa mswaki mzima kama kwenye tangazo. Kiasi cha njegere kinatosha. Kinachosafisha ni nywele za mswaki na mkono wako, dawa inasaidia tu.

Usiku ni muhimu kuliko asubuhi. Najua. Tulilelewa kupiga asubuhi ili tusinuke tukienda shule. Waliosoma bweni wanajua zaidi: saa kumi na nusu alfajiri mko foleni kwa bomba la maji baridi, mswaki mdomoni, lakini usiku baada ya prepu ni kukimbilia kitanda kabla taa hazijazimwa. Miaka minne hivyo. Usingizini mate yanapungua, na mate ndiyo yanasaidia kuosha kinywa. Ukilala na ukoga umewapa bakteria saa nane bila usumbufu.

Halafu kuna kati ya jino na jino, ambako mswaki haufiki kabisa na ndiko fizi nyingi huanzia kuharibika. Uzi wa meno unauzwa kwa maduka ya dawa, upitishe mara moja kwa siku, kabla ya mswaki wa usiku. Uukunje kama herufi C kwenye ubavu wa jino, ushuke kidogo chini ya fizi, upande juu. Usiupige kama msumeno. Utatoa damu siku za kwanza, na tumeshaongea kuhusu damu. Kama meno yako yameachana zaidi, kuna vimiswaki vidogo vya kupita katikati, hivyo ni rahisi kuliko uzi. Kijiti cha kuchokonoa nyama baada ya nyama choma hakihesabiki, na ukikichoma kwa nguvu unaumiza fizi. Wenye braces, ninyi fanyeni yote haya mara mbili ya uangalifu, zile waya ni hoteli ya ukoga.

Najua mwenye ataandika: hii yote ni ya watu wako na pesa. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu si uongo. Kuonwa meno hapa kwetu ni kitu mtu anafanya akilia usiku, si kitu cha kawaida. Na ukienda ukilia, jibu la bei rahisi ni koleo. Mtu akiwa na elfu mbili mfukoni na jino linamuua, hatasikiliza hotuba kuhusu fizi. Nawaelewa hao. Ninachokataa ni kwamba hii inawahusu wenye pesa tu. Ni kinyume. Mwenye pesa akipoteza jino ataweka implanti, jino moja linakula pesa ya kununua pikipiki iliyotumika. Wewe ukipoteza limeenda. Mswaki laini na uzi wa meno ni vitu vya mtu ambaye hana pesa ya kukosea.

Na kukwanguliwa ukoga mgumu hakuhitaji kliniki ya Westlands yenye kochi la ngozi. Hospitali za kaunti nyingi zina kitengo cha meno. Ukiwa Nairobi kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Argwings Kodhek Road, ambako wanafunzi wanahudumu wakisimamiwa na walimu wao. Utakaa muda mrefu, kubali, beba chaji. Pia karibu na Machi 20 kila mwaka, siku ya afya ya kinywa duniani, huwa kuna kambi za kukaguliwa bure sehemu mbalimbali, fuatilia matangazo ya kaunti yako. Na kuna wale watakuambia ati ukikwanguliwa meno yatalegea. Jino likilegea baada ya kukwanguliwa lilikuwa limelegea kitambo, ule ukoga mgumu ndio ulikuwa umelishikilia kama simiti. Mapengo utakayohisi na ulimi ni nafasi iliyokuwa imejaa uchafu.

Ukifika kwa hicho kiti, usiseme tu unataka kukaguliwa, maana wengi watahesabu mashimo na kukuambia uko sawa. Sema unatoa damu. Sema ni wapi. Kisha omba wakupimie fizi. Kuna kachombo kembamba kana alama za milimita, kanaingizwa taratibu kati ya fizi na jino, na mtu anasoma namba moja kwa moja kwa kila jino. Hakaumi sana, kanakera tu. Moja, mbili au tatu ni fizi inayoshika. Ukisikia nne, tano, sita, muulize ni jino gani, akuonyeshe kwa kioo, na muulize kama unahitaji picha ya eksirei uone mfupa umebaki kiasi gani. Hizo namba ni zako. Ziandike kwa simu na tarehe, ili ukirudi baada ya miezi sita uwe na kitu cha kulinganisha.